Mchele wa Mawe

Tarehe 4 Februari

Kwa baba yangu mpenzi,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti la kushoto limeacha kukutesa. Mimi sijambo, ila gundi imenikaa puani kiasi kwamba hata chai inaninukia gundi.

Umeniuliza mara mbili kazi yangu hasa ni nini, na mara mbili nimekujibu "ya ofisini" kwa sababu naona aibu kuisema. Baba, nabandika mimea iliyokufa. Inaletwa imekaushwa na kulazwa katikati ya magazeti, mimi naibandika kwenye karatasi ngumu, naandika lebo kwa mkono: imetoka wapi, lini, nani aliichuma. Halafu inaingia kabatini, ikae miaka mia. Makabati yenyewe ni ya mbao na yameoza, mende wamejaa. Mende wanaipenda gundi yetu kuliko tunavyoipenda sisi.

Mkuu wa Idara ni msomi mkubwa, hilo halina ubishi. Ila anajichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, kisha ananipa kalamu hiyohiyo niandikie. Anakula biskuti juu ya mimea na makombo yanaingia kwenye maua. Nayafuta kwa brashi huku nimebana pumzi. Nimeajiriwa kwa muda tu, mkataba wangu unaisha Aprili, kwa hiyo naendelea kubana pumzi.

Sasa nisikilize. Juzi nilifungua mdomo. Mkuu alikuwa anajisifu kwamba vichaka vyote vya milimani, vile vya majani membamba kama sindano, anavyo kabatini. Nikasema kwetu kuna kimoja cha maua meupe, juu kabisa ukingoni, baba yangu anakijua. Akacheka. Kisha akafungua makabati siku mbili mfululizo na hakukiona. Baba, kile kichaka chenu hakijawahi kuandikwa popote. Kwa wasomi hakipo na hakina jina.

Anakuja huko wiki ijayo pamoja na mfadhili wake, yule tajiri wa magodoro. Nimewaambia hakuna anayeujua mlima kama wewe. Tafadhali wapeleke.

Ni mimi bintiyo,
Kitindamimba


Tarehe 21 Februari

Mwanangu Kitindamimba,

Marahaba. Goti lipo, na kila asubuhi linawahi kunisalimia kabla ya majirani. Vinginevyo ni mzima, na mbuzi wamezaa.

Wageni wako walikuja. Tajiri wa magodoro sikumwona zaidi ya shingo. Alibaki ndani ya gari kule chini, vioo vimefungwa, akateremsha kimoja mara moja tu kuniuliza kama mlima hauna njia fupi. Nikamwambia ipo, ila ni ya kuteremkia, na mtu huiteremka mara moja tu katika maisha. Hakuelewa, akapandisha kioo.

Mkuu wako alipanda mpaka kibanda cha pili cha doria. Pale, mwanangu, aliniomba sabuni na karatasi, akaenda kujisaidia hatua kumi kutoka kwenye chemchemi. Chemchemi ambayo watu wote wa bonde wanakunywa. Mimi niliyeilinda miaka ishirini na sita, niliyewahi kumfukuza mtu kwa kuosha baiskeli tu pale, nilisimama nimeshika mkoba wake kama mjinga. Alipomaliza nilichukua jembe nikafukia kinyesi cha msomi.

Aliporudi alisema ana malengelenge miguuni. Akavua viatu, akalala kwenye kitanda changu cha zamani, akasema, "Mzee, nenda wewe. Niletee tawi lenye maua na tawi lenye mbegu." Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu alinituma mimi nikainame kwa niaba yake.

Nikaenda. Saa nne kupanda, tatu kushuka, na goti hili. Vichaka nilivikuta vyote arobaini na moja, hakuna hata kimoja kilichokauka. Nilikata matawi mawili nikayalaza kwenye gazeti kama ulivyoniandikia. Na kama nilivyozoea kwenye daftari la doria, nimeweka karatasi ndani yake, kwa penseli: siku, saa, kutoka jiwe lililopasuka hatua thelathini upande jua linakochomoza. Jina langu. Na jina la kichaka.

Jina unalijua, lakini hujui lilikotoka. Mwaka ule kabla hujazaliwa, mama yako alinifuata juu kuniletea chakula kwa sababu nilikuwa siku nne sijateremka. Alikuja amenuna kweli. Alipofika ukingoni, akaona maua yale meupe madogo yametapakaa kwenye miamba, akasahau ugomvi, akauliza, "Nani amemwaga mchele juu ya mawe?" Tangu siku hiyo nikawa nasema Mchele wa Mawe, walinzi wenzangu wakalidaka, na sasa mlima mzima unasema hivyo wala hawajui ni neno la mama yako.

Sikuomba chochote kwa kazi ile. Niliomba jina hilo liwekwe. Mkuu akanishika bega akasema, "Jina utatoa wewe, Mzee. Mgunduzi ndiye mzazi." Mkono wake ulikuwa na unyevu, sikuuliza wa nini.

Baba yako


Tarehe 15 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimefurahi kusikia habari za mbuzi. Habari ya chemchemi nimeisoma nikashindwa kumalizia chakula.

Matawi yamefika salama. Baba, hayajabadilika rangi. Maua mengine yakikauka huwa kama majani ya chai, lakini haya yamebaki meupe vilevile. Niliyabandika kwa mkono wangu, kutwa nzima, ua moja moja. Karatasi hii siyo kama nyingine. Mmea mpya ukipewa jina, lazima kuwe na karatasi moja inayolishikilia jina hilo, na sisi hapa tunaiita karatasi mama. Hata baada ya miaka mia mbili, akitokea wa kubisha, wataifungua hiyo. Na kuna sheria moja ambayo hata mfagizi anaijua: kilichobandikwa kwenye karatasi mama hakibanduliwi. Gundi yetu ukiibandua inang'oka na maua.

Karatasi yako ya penseli nimeiona. Mahali nimepanukuu kama ulivyoandika, jiwe lililopasuka, hatua thelathini, upande jua linakochomoza. Mkuu amesema hajawahi kuona lebo inayoonyesha mahali vizuri namna hiyo.

Kuhusu jina, bado wana vikao; likiamuliwa litatangazwa kwenye sherehe. Usiwe na haraka, baba.

Bintiyo,
Kitindamimba


Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Sijambo, na nakuombea nawe uwe hujambo. Haraka ninayo, nisikufiche. Nina miaka sabini na mbili; mtu wa umri huu akiambiwa asubiri vikao anaanza kuangalia saa.

Nimempelekea Fundi Viatu vile viatu vyangu vya doria avitie soli mpya, nivivae siku ya sherehe. Aliniuliza sherehe gani. Nikamweleza. Sasa sokoni kote wananiita Mzee Mchele. Fundi anasema wasomi hawawezi kuchukua neno la mwanamke aliyekuja na bakuli la chakula wakaliandika kitabuni. Nikamwambia binti yangu ndiye anayeandika lebo, kwa mkono wake, hakuna wa kunidanganya. Akanipigia msumari mmoja wa ziada bure.

Nimeandaa maneno mawili matatu ya kusema siku hiyo. Si marefu. Nitasema mama yako alikuja amenuna, na nitasema alichouliza. Basi. Nikijaribu mbele ya kioo sauti inakatika hapo kwenye "nani amemwaga", lakini nadhani nitazoea.

Niandikie tarehe.

Baba yako


Tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Hujajibu. Viatu viko tayari tangu tarehe kumi. Fundi ananiuliza kila siku, nami namwambia posta ni mbovu.

Posta ni mbovu?

Baba yako


Tarehe 9 Mei

Baba,

Shikamoo. Posta si mbovu.

Sherehe ilifanyika tarehe 27 Aprili. Hukualikwa. Nilijua tarehe tangu mwisho wa Machi.

Nakueleza yote kama yalivyokuwa, na ukiona kinyaa ujue nami ninacho. Tajiri wa magodoro ametupatia makabati mapya ya chuma. Yalipangwa ukumbini yakiwa bado na nailoni, akakata utepe. Kisha Mkuu akasimama kusoma makala ya mmea mpya, ambayo imeshachapishwa. Jina la kitaalamu ni jina la tajiri, limewekewa mkia wa lugha ya wasomi. Mtu ambaye hakushuka garini. Ndilo hilo, na likishachapishwa halibadilishwi na yeyote.

Baada ya hapo Mkuu alisimulia safari. Alisema, "Nilipofika ukingoni peke yangu, ukungu ukafunguka, nikakiona." Hapo akashika kifua. Watu wakapiga makofi. Tajiri alikuwa na mafuta ya kuku kwenye kidevu na hakuna aliyethubutu kumwambia. Nilikuwa nimesimama nyuma na sinia la glasi. Niliweka sinia chini nikapiga makofi.

Kuna jingine, na ndilo lililonifanya nishindwe kukujibu. Lebo ya karatasi mama ina mstari wa "Aliyechuma". Mkuu alisimama nyuma yangu akinipumulia biskuti shingoni, akataja jina lake. Nikaandika. Karatasi yako ilikuwa mezani, jina lako liko pale kwa penseli, nikaandika lake. Alinisifu kwa herufi nzuri. Hiyo ilikuwa tarehe 12 Machi, kwa hiyo nilipokuandikia kwamba bado wana vikao, nilikuwa nakudanganya.

Wiki hiyohiyo alinipa barua ya ajira ya kudumu. Nimeajiriwa rasmi baba. Nilitamani sana siku ya kukuandikia sentensi hii, na sasa naiandika kwenye barua ya kuomba radhi.

Nisamehe.

Kitindamimba


Tarehe 20 Mei

Nimeipata.

Tajiri simjui. Mkuu nilishafukia alichokiacha, kwa hiyo ninamjua vya kutosha. Hao hawajanishangaza. Wewe nilikulea. Nilikufundisha kuandika kwenye daftari la doria ukiwa umekaa pajani pangu, nikakwambia mlinzi hasemi alipita mahali ambapo hakupita. Umezichukua hatua zangu thelathini ukaziacha bila miguu iliyozipiga.

Sokoni nimewaambia ukweli. Nimewaambia ni binti yangu aliyeandika. Fundi Viatu hakucheka, na afadhali angecheka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliusema msemo huu maisha yangu yote nikiwafikiria watu wengine.

Umenichefua. Usiniandikie mpaka uwe umetenda jambo. Maneno ninayo ya kutosha.

Mimi


Tarehe 11 Julai

Baba,

Shikamoo. Najua umenikataza, na sijatenda jambo lolote. Naandika kwa sababu hili linaihusu miguu yako.

Tajiri aliamua kwamba ua lenye jina lake lazima liote kwenye lango la kiwanda chake. Mkuu akampa nakala ya lebo. Wakatumwa watunza bustani na lori. Sikujua mpaka waliporudi. Dereva aliniambia hawakupotea hata mara moja. Alikuwa anasifu, baba. Alisema, "Lebo yenu inaongoza kama mtu amekushika mkono." Jiwe lililopasuka, hatua thelathini, upande jua linakochomoza.

Jana nilikwenda kiwandani. Wamevipanda ndani ya mapipa yaliyokatwa nusu na kupakwa rangi za magodoro, ile njano na zambarau. Kuna mlinzi anavimwagia maji ya bomba asubuhi na jioni, na majani yake ya sindano yanapukutika ndani ya tope. Vinanuka kuoza. Watu wanatupia vichungi vya sigara humo humo. Nilivihesabu. Arobaini na moja.

Nilimwambia mlinzi vimekufa. Akasema anajua, ila ameamriwa avimwagilie mpaka mgeni rasmi apite.

Ni lebo yangu, baba. Ningeandika ovyo kama wenzangu, "mlimani, juu", wasingefika kamwe. Nilijivunia usahihi wangu huku nimeandika uongo kwenye mstari wa chini yake. Nikinawa mikono siku hizi naona kama gundi haitoki.

Sikuombi unijibu.

Kitindamimba


Tarehe 29 Agosti

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, ingawa sina habari zako tangu Mei.

Nimetenda jambo. Nakwambia nilivyolitenda, wewe utaamua kama linahesabika.

Karatasi yako ya penseli niliagizwa niitupe mwezi Machi. Sikuitupa. Sikuwa shujaa, sijui hata kwa nini. Niliikunja nikaiweka kwenye kopo langu la sukari pale kazini, na kila nikinywa chai naikuta. Jumanne iliyopita Mkuu alipoingia kikaoni, nilifungua kabati jipya la chuma, nikaitoa karatasi mama. Nikapaka gundi ile nzito. Nikaibandika karatasi yako chini ya lebo, sambamba na shina, maua mawili yakilala juu ya ukingo wake. Siku, saa, jina lako, jina alilotoa mama. Pembeni nikabandika ukanda wangu mwenyewe, kwa wino: "Lebo ya juu niliiandika mimi kwa kuamriwa. Mahali ni pa kweli. Mchumaji si kweli. Aliyepanda na kuchuma ni baba yangu, ambaye maandishi yake ni haya." Nikatia sahihi na tarehe. Nikakaa nikaipepea kwa faili mpaka ikakauka.

Kisha nikampelekea Mkuu mwenyewe. Sikutaka aikute siku nisiyokuwepo, nilitaka nimwone akiisoma.

Alisoma mara mbili. Akachukua kisu chembamba akaanza kuinua kona ya karatasi yako. Ua la kwanza likakatika, likaanguka juu ya meza. Akainua tena kidogo, likaanguka la pili. Akaacha. Baba, alitokwa jasho mpaka miwani ikateleza. Vile vya mlimani wamekwisha kuving'oa, vya kiwandani vimeoza, na jina la tajiri halina kingine cha kushika ila tawi hilo. Akiiharibu karatasi mama, hata jina la bwana wake analiharibu. Akiiacha, kila atakayeifungua atatusoma. Alisema, "Wewe ni najisi." Nikamjibu kwamba ndiyo, ila mimi nimetia sahihi.

Nimefukuzwa siku hiyohiyo. Vitu vyangu vilitosha kwenye mfuko mmoja na kopo la sukari.

Jina lililochapishwa halitabadilika, nisikudanganye tena. Litabaki la tajiri. Vichaka havitarudi. Nilichofanya ni kidogo na nimechelewa nacho. Lakini kimebandikwa.

Bintiyo, kama bado,
Kitindamimba


Tarehe 19 Septemba

Mwanangu Kitindamimba,

Marahaba. Mimi ni mzima. Goti limenigomea wiki tatu lakini sasa tumepatana.

Barua yako ya Julai nilikuwa nayo mfukoni nilipopanda. Nilifika ukingoni nikayakuta mashimo. Arobaini na moja, kweli, hawakubakiza. Wameacha na chupa, na kiatu kimoja cha mpira, na mmoja wao alijisaidia juu ya jiwe lililopasuka, juu kabisa, mahali mama yako alipokaa siku ile. Nilisafisha kwa mchanga na mikono yangu. Sikulia. Nilitema mate mpaka kinywa kikakauka, kisha nikaanza kufukia mashimo, machache kwa siku, nalala kibandani. Ndiyo maana sikujibu. Pia sikutaka kukujibu.

Barua ya Agosti nimempa Fundi Viatu aisome, maana nilipofika kwenye maua yanaanguka macho yalinisumbua. Alipomaliza akasema, "Huyu ni mlinzi." Akaendelea kugonga kiatu cha mtu.

Bado nina hasira na wewe. Nikikumbuka ulivyopiga makofi nasonya peke yangu hata mbuzi wanageuka. Nadhani itapungua, lakini usitegemee kuwa itakuwa kesho.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Siku ile mama yako hakuona mchele mahali pamoja tu. Wakati wa kuteremka alipotea njia, kwa sababu alikuwa amerudia kununa na hakutaka niongoze, tukatokea mahali pengine. Vichaka vilikuwepo na huko. Vingi kuliko ukingoni. Nilitoa daftari la doria niandike. Akaniwekea kiganja juu ya ukurasa akasema, "Acha. Kila unachoandika wewe kuna mtu anakifuata." Nilimwona mshamba. Ila nilimpenda, nikalirudisha daftari mfukoni. Miaka ishirini na sita ya doria, na mahali hapo hapamo katika daftari hata moja.

Wiki iliyopita nimekwenda kuangalia. Vipo. Vimetoa maua.

Siandiki ni wapi, hata kwako, na hasa kwako. Njoo nikuonyeshe. Nitavaa viatu vyangu vya soli mpya, sijavivaa hata mara moja tangu Fundi anipe. Wewe njoo na viatu vya kupandia na sweta nzito.

Kalamu iache huko.

Baba yako